Darasa la mawakili kuhusu maswali ya talaka: nimelimaliza, maoni yangu haya hapa

Niliahidi watu kadhaa kwamba nikimaliza nitaandika, basi naandika, mtanivumilia maana ni ndefu. Ni darasa la onlaini la wiki nne, jioni moja kwa wiki, masaa mawili ambayo mara nyingi yanakuwa matatu, linaendeshwa na mawakili wawili wa kesi za ndoa, mmoja mama mtu mzima ambaye sote tuliishia kumwita Mama tu, mwingine kijana ambaye ndo alikuwa anashughulika na mafaili na mambo ya karatasi. Tulikuwa watu 19, wengine kesi zao ziko Tanzania, wengine Kenya, wawili Uingereza na dada mmoja California, wote tuko katikati ya kuachana au ndo kwanza tunaanza. Jina la darasa silitaji wala la mtu yeyote, tulikubaliana siku ya kwanza kwamba ya humo yabaki humo kwa sababu kila mtu ana kesi inaendelea. Ila ukipata darasa au kikao cha namna hii kwa mawakili wa kwenu, haya nitakayosema yatakusaidia kujua unalipia kitu gani.

Kwanza kwa nini nilijiunga. Nilishaenda kwa wakili mmoja kabla, nikakaa mbele yake nusu saa nalia, akanisikiliza vizuri tu, halafu akaniambia "usijali dada, nusu kwa nusu, nyumba nusu ni yako." Hakuniuliza hati ya nyumba ina jina la nani. Hakuniuliza kiwanja kilinunuliwa mwaka gani, kabla ya ndoa au baada. Hakuniuliza miaka yote 11 nilikuwa nafanya kazi gani na hela yangu ilikuwa inaenda wapi. Nikatoka pale moyo mweupe, nikalala usingizi wiki nzima, na kumbe ile ahadi haikuwa na mguu hata mmoja wa kusimamia. Iliniuma sana nilipokuja kujua, maana kwa ile ahadi nilikuwa nimeshakataa mazungumzo mawili ambayo mwenzangu alikuwa tayari kukaa.

Sasa jioni ya kwanza ya hili darasa Mama alituambia kila mtu aandike swali lake moja, moja tu, alisome kwa sauti. Langu lilikuwa "je nitapata haki yangu?" Akatulia kidogo akasema, "Haki ipi mwanangu? Hapo umeniletea kesi nne kwenye sentensi moja." Akaanza kuzichambua: kuna swali la ndoa yenyewe, inavunjwaje na mahakama gani. Kuna swali la mali. Kuna swali la watoto, wakae na nani na huyo mwingine awaone vipi. Kuna swali la matunzo, nani amlipe nani, ya mtoto kando na ya mke au mume kando. Yote yanaweza kusikilizwa kwenye shauri moja siku moja, lakini kila moja lina kipimo chake na ushahidi wake, na unaweza kushinda hili ukashindwa lile. Jamani mi nilikuwa nimeyasokota yote yakawa kamba moja, na hiyo kamba nilikuwa naiita "haki yangu". Kama darasa lingeishia pale dakika ya 40 ningekuwa nimeshapata nilichokifuata, kwa sababu kuanzia jioni ile nikiamka usiku na wasiwasi naweza angalau kujiuliza huu wasiwasi ni wa swali lipi.

Swali lililokula muda mwingi siku ile ni la kosa. Watu tunaumia, tunataka mahakama iseme nani kakosea. Kaka mmoja alikuwa na faili la skrinishoti za meseji za mke wake, zaidi ya mia tatu, amezipanga kwa tarehe, unaona kabisa mtu amekesha siku nyingi kwenye hiyo kazi. Mama hakumkatisha, alimwacha aeleze mpaka mwisho, halafu akamwuliza kwa upole, "hizi unataka zikusaidie kwenye swali lipi kati ya yale manne?" Kaka akanyamaza muda mrefu. Ikabidi aelezwe kwamba inategemea ndoa yako iko chini ya sheria ya wapi. Uingereza, England na Wales, tangu tarehe 6 Aprili 2022 huhitaji kuthibitisha kosa la mtu, unatoa tu tamko kwamba ndoa imevunjika na haitengenezeki, mnaweza hata kuomba pamoja, halafu unasubiri wiki 20 upate amri ya kwanza na wiki 6 na siku moja upate ya mwisho. California waliacha mambo ya kosa zamani sana, tangu tarehe 1 Januari 1970, ila lazima ipite miezi sita tangu mwenzako akabidhiwe karatasi. Tanzania kwa Sheria ya Ndoa ya 1971 sababu ya talaka ni moja tu, kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika, na uzinzi, ukatili, kutelekezwa walau miaka mitatu na mengineyo ni vitu ambavyo mahakama inavitazama kama dalili za kuvunjika huko. Kwa hiyo zile skrinishoti zinaweza kumsaidia kwenye swali la kwanza. Kwenye nyumba na kiwanja mahakama itamwuliza vitu vingine kabisa. Na akaongeza, kijana wakili, kwamba kuingia kwenye simu ya mtu au imeili yake kwa kuvunja neno la siri kwa nchi nyingi ni kosa la jinai lenyewe, kwa hiyo kabla hujapeleka kielelezo mwambie wakili wako ukweli ulikipataje.

Hapo hapo kuna dada wa Tanzania alitusimulia yake. Alifungua shauri, akalipia, akasubiri miezi, likatupwa, kwa sababu hakuanzia Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. Aliyemwandalia hati hakumwambia. Sheria yao inasema mgogoro upite kwanza barazani na baraza litoe hati kwamba limeshindwa kuwapatanisha, ndo uende mahakamani ukiwa na hiyo hati mkononi. Kuna watu wanaruka hiyo hatua, mfano mwenzako ametoweka hajulikani alipo, au aliitwa barazani akagoma kwa makusudi, lakini ni lazima uieleze mahakama. Na tena kama ndoa haijafikisha miaka miwili huwezi kufungua bila kibali cha mahakama, na kibali wanatoa ukionyesha unapata mateso yasiyo ya kawaida. Dada wa watu amepoteza karibu mwaka kwa kitu ambacho angekijua kingemchukua vikao viwili vitatu. Tuliokuwa tunamsikiliza wote tulikuwa kimya.

Mali. Hapa ndipo darasa lilipokuwa zuri kuliko yote, na hapa nitakaa kidogo.

Watu wengi (na mi mmojawapo) tunaingia na mawazo mawili, ama "jina lake liko kwenye hati basi mimi sina kitu" ama "tumeoana basi kila kitu nusu". Mama alisema yote mawili yanaweza kuwa uongo na ukatili, akatupa kesi tatu. Ya kwanza ya Tanzania, Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani mwaka 1983. Huyu mama alikuwa mama wa nyumbani, hakuwa na mshahara, na swali likawa je kupika, kufua, kulea, kutunza nyumba ni mchango kwenye kupata mali au ni wajibu tu wa mke? Mahakama ikasema ni mchango. Ni kesi kubwa, wanawake wengi wamesimama juu yake tangu hapo. Lakini kitu ambacho sikuwahi kusikia mtu akikisema ni kwamba Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu pale, kwa sababu ilionekana mume alikuwa amempa hela za kufanyia jambo la maendeleo ya familia na yeye akazitapanya. Kanuni ikabaki kwa ajili yetu sisi, yeye akaondoka mikono mitupu. Hiyo ilinikaa kichwani siku kadhaa.

Ya pili ya Kenya. Katiba yao ya 2010, ibara ya 45(3), inasema wanandoa wana haki sawa wakati wa kuoana, wakiwa ndani ya ndoa na wakati wa kuachana, kwa hiyo watu wakawa wanasema basi ni nusu kwa nusu moja kwa moja. Mahakama ya Juu tarehe 27 Januari 2023 ikasema hapana, usawa wa kwenye Katiba haumaanishi mali inakatwa katikati bila kuuliza, kila mmoja aonyeshe mchango wake, na mchango ni pamoja na usio wa pesa, kulea watoto, kazi za nyumbani, kusimamia biashara ya familia, kulima, hayo yamo kwenye sheria yao ya mali ya ndoa ya 2013. Na kwenye kesi hiyo hiyo mke alibaki na nusu yake, ila kwa sababu mchango wake ulionekana. Ya tatu ya Uingereza, White dhidi ya White ya mwaka 2000, wakulima wawili waliokaa kwenye ndoa miaka zaidi ya 30, majaji wakasema usimpendelee aliyeleta hela ukamdharau aliyetunza nyumba na watoto, na kabla hujaandika mgao wako wa mwisho upime kwanza kwenye mizani ya usawa uone umeondokaje hapo na kwa sababu gani.

Baada ya hizo kesi hakutuacha tuondoke hivi hivi. Alitupa kazi: chora jedwali la safu tatu, kitu, kilipatikanaje na lini, na nina nini cha kuonyesha. Ile safu ya tatu jamani. Nilikaa nayo mezani usiku wa Jumamosi watoto wamelala, safu ya kwanza ikajaa haraka, nyumba, kiwanja cha pili, gari, vyombo, hisa. Safu ya pili nikaandika kwa hasira na kwa majigambo. Safu ya tatu ikabaki nyeupe. Nimelipia fundi mara ngapi? Cheti cha mkopo niliochukua kazini nikaleta hela yote kwenye mabati kiko wapi? Nikaanza kupekua. Kwenye mfuko wa plastiki chini ya kabati, pamoja na kadi za kliniki za watoto, nikakuta risiti sita za saruji zimefifia mpaka unazisoma kwa kuziinamisha kwenye taa, mbili zina jina langu. Nikaomba taarifa za akaunti ya benki za miaka ya nyuma, nikaomba kazini barua ya ule mkopo, nikachukua orodha ya miamala ya simu. Sijui mahakama itaamua nini, lakini safu ya tatu sasa ina mistari 14, na yule wakili wangu wa kwanza aliyeniahidi nusu hakuwa na mstari hata mmoja.

Mengine ya mali niliyoyaweka kwenye daftari, nayatoa kama yalivyo. Kuondoka nyumbani kwa ajili ya usalama wako au amani hakufuti haki yako kwenye mali, hilo liliulizwa na watu kama watano na jibu lilikuwa lile lile, ila ukiondoka beba nakala za nyaraka na piga picha za vilivyomo, na kama kuna watoto usiondoke bila kupanga suala lao. Mali uliyokuwa nayo kabla ya ndoa mara nyingi inabaki yako, lakini kama wakati wa ndoa mwenzako aliiboresha au mliiboresha pamoja inaweza kuingia kwenye mgao, Tanzania sheria imeandika hivyo waziwazi. Na kama unaogopa mwenzako atauza nyumba mliyokuwa mnaishi kabla kesi haijaisha, usikae unaombea, Tanzania na Kenya zote hairuhusiwi kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzako, na unaweza kuweka zuio kwa msajili wa hati, au ukaomba amri ya muda mahakamani. Na wewe pia usiuze, usifiche, usihamishie kwa kaka yako, maana siku ukigundulika jaji hataamini tena hata yale ya kweli utakayosema.

Wiki ya tatu watoto. Nilikuwa naiogopa hii wiki.

Kila mahali wanakopeleka kesi zao wale watu 19, kipimo ni kile kile, maslahi ya mtoto, na kimeandikwa kwenye Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989, pamoja na kwamba mtoto anayeweza kutoa maoni yake asikilizwe kulingana na umri na uelewa wake. Kwa hiyo lile swali la "watoto ni wa nani" mahakama hailiulizi hivyo. Tanzania kuna dhana kwenye sheria kwamba mtoto chini ya miaka 7 ni vema akae na mama yake, lakini ni dhana inayoweza kuvunjwa kwa ushahidi, na mtoto akifika miaka 7 haimaanishi baba anakuja na gari kumbeba, ni swali linapimwa upya. Kuna kaka alikuwa amehesabu kabisa miezi iliyobaki.

Halafu Mama akasema kila mtu aandike Jumanne ya mtoto wake. Jumanne ya kawaida, tangu anaamka hadi analala, nani anamwamsha, nani anamvalisha, nani anampeleka shule, anajua jina la mwalimu nani, akiumwa nani anaomba ruhusa kazini. Nikaandika haraka nikijua mimi ndo mama na kila kitu ni mimi. Nikafika kwenye homework, baba yake. Kumpeleka kliniki ya pumu kila baada ya miezi mitatu, baba yake. Kumwimbia usiku alale, huyu mdogo, baba yake. Nilifunga kamera. Nilikuwa nimeandaa maombi ya kwamba awaone Jumapili moja kwa mwezi, na nilikuwa nataka hivyo kwa sababu yale aliyonifanyia mimi yananiuma, basi. Nimeyabadilisha yale maombi. Sijamsamehe na sijui kama nitamsamehe, ila ile karatasi ya Jumanne ilikuwa ya mtoto, haikuwa yangu.

Na jambo ambalo natamani lingebandikwa kwenye kila mlango wa mahakama: matunzo na kumwona mtoto ni vitu viwili tofauti. Hajalipa hela ya mtoto mwezi huu? Unarudi mahakamani kukazia amri, huwezi kumnyima kumwona mtoto. Unanyimwa kumwona mtoto? Unarudi mahakamani vile vile, huwezi kuacha kulipa. Humo darasani tulikuwa na watu wa pande zote mbili, mama mmoja anafunga geti na baba mmoja amefunga pochi, na kila mmoja alikuwa anaamini kabisa kwamba yuko sahihi. Wakaelezwa wote wawili kwamba wanajiharibia wenyewe faili lao. Matunzo yanapangwa kwa kutazama mahitaji ya mtoto na uwezo wa wazazi, na uwezo ukibadilika, umepunguzwa kazi, umeugua, unaomba amri ibadilishwe mapema, usisubiri malimbikizo yakufike shingoni ndo uanze kueleza.

Kwa walio nchi mbili, kuna Mkataba wa Hague wa tarehe 25 Oktoba 1980 kuhusu watoto wanaovushwa mipaka bila idhini ya mzazi mwingine, kwa nchi zilizojiunga mtoto chini ya miaka 16 anarudishwa kwanza alikokuwa anaishi na malezi yanaamuliwa huko, na ombi likifikishwa mahakamani kabla mwaka mmoja haujapita linakuwa na nguvu zaidi. Yule dada wa California alikuwa anafikiria kusafiri na wanawe "likizo" asirudi. Hakurudia kulisema tena.

Sasa kasoro, maana zipo na zimenikera.

Wiki ya nne ilikuwa ya madeni, mafao na wosia na waliiharakisha vibaya sana. Muda ulikuwa umeliwa na maswali ya wiki iliyopita, kijana akawa anasoma slaidi kama anafukuzwa. Na hiki ndo kitu watu wanaumia nacho baadaye! Nilichookota ni kwamba mkopo mliosaini wote wawili, hata mahakama ikisema alipe mwenzako, benki haikuwepo kwenye kesi yenu na mkataba wake uko palepale, asipolipa watakuja kwako, kwa hiyo pigania mkopo ufungwe au uandikwe upya kwa jina moja kabla hamjamalizana. Na ule udhamini uliosaini miaka hiyo kwa biashara ya mwenzako, talaka haiufuti. Na jina la mnufaika kwenye bima na mfuko wa pensheni halibadiliki lenyewe, unaenda kubadilisha mwenyewe kwa mkono wako, wosia vile vile, usitegemee sheria ya nchi yako itakufutia. Nilitamani hii iwe na jioni nzima.

Suala la talaka ya dini pia lilipitwa juujuu wakati watu waliuliza sana. Walichosema ni sahihi lakini kifupi mno: mumeo kutamka talaka, au kanisa kubatilisha ndoa, si lazima kuwe kumeimaliza ndoa mbele ya sheria ya nchi, na ukienda kuoa au kuolewa tena bila karatasi ya mahakama unaweza kujikuta pabaya. Tanzania kwa ndoa ya Kiislamu mahakama inaangalia kama baraza lilishindwa kuwapatanisha na kisha talaka ikatolewa kwa sheria ya Kiislamu, na Kenya kuna Mahakama za Kadhi. Wenzetu Waislamu walikuwa wanne na walibaki na maswali, haikuwa haki.

Kingine, hawatoi rekodi. Sababu naielewa, siri za watu, lakini wangeweza kurekodi ile sehemu ya kufundisha na kuzima kabla ya watu kusimulia. Nilikosa dakika 20 za wiki ya pili mtandao ulipokata na hakuna namna nilizipata. Na meseji ukiandika kwa yule anayeratibu unajibiwa baada ya siku mbili tatu, kwa mtu ambaye ana tarehe ya mahakama kesho kutwa hizo siku ni nyingi.

Nilichokipenda kwa dhati ni kwamba walisema mara nyingi "hili siwezi kukujibu hapa, nenda kwa wakili anayefanya kazi chini ya sheria yenu na umwonyeshe nyaraka", na hawakujaribu kutuvuta tuwe wateja wao. Wametufundisha hata namna ya kumhoji wakili kabla hujamlipa: utanitoza kwa saa au kwa kazi nzima, na ada za mahakama zimo au haziko, nani atasimama siku ya kesi, wewe au msaidizi, umeshawahi kufanya kazi na mwenzangu au ndugu zake, na nikupe nini kwenye safu ya tatu. Wakili mmoja asiwawakilishe wote wawili hata mkiwa mnakubaliana kila kitu, mkitaka mtu wa katikati huyo ni msuluhishi na kazi yake ni nyingine, na makubaliano atakayowasaidia kuandika mwende nayo mahakamani yawe amri, la sivyo mmoja akigeuka unabaki na karatasi tu. Na usimfiche wakili wako kitu, unayomwambia ni siri yenu, aibu unayoionea haya kwake ndo ile ile wakili wa upande wa pili atakuja nayo.

Nani asijiunge? Kama unapigwa au unatishiwa, usianze na darasa la wiki nne. Hilo Mama alilisema dakika ya kwanza na akawatoa pembeni watu wawili akaongea nao peke yao. Hapo ni polisi, hospitali, amri ya ulinzi, watu wa msaada wa kisheria, leo hii. Na kama kesi yako ina tarehe wiki ijayo nenda moja kwa moja kwa wakili. Hili linamfaa mtu ambaye bado ana muda kidogo wa kujipanga, na hasa yule ambaye hajui aulize nini.

Nimeshapata wakili mwingine. Nilimpelekea lile jedwali na karatasi ya Jumanne, akavaa miwani akasoma kimya, akaniuliza maswali 22 (nilihesabu), mawili niliyashindwa na akaniambia nikayatafutie majibu kabla ya kurudi. Ahadi hakunipa hata moja. Risiti za saruji zimeshapigwa picha zikakuzwa, zinasomeka.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano naishikilia mpaka warudie ile jioni ya madeni na kuwapa wale wanne majibu yao.